Kazi Iliyokamilika, Neno Lililochelewa

Kando ya Ziwa Geneva, katika mji wa Montreux nchini Uswisi, imesimama sanamu ya shaba ya mwanamume aliyeinua mkono mmoja juu na kuuelekeza uso wake majini. Ziwa hilo ni dogo. Ziwa Victoria letu lalizidi kwa zaidi ya mara mia moja. Hata hivyo wageni kutoka pembe nyingi za dunia hufika pale kuweka maua, hasa ifikapo Novemba 24, siku aliyofariki mtu huyo mwaka 1991. Mtu huyo ni Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, naye alizaliwa mjini Zanzibar, Septemba 5, 1946.

Tumeona yafaa leo kuyatazama maisha yake, na hasa kazi yake ya mwisho, kwa sababu ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi watu wa Mwanza na wa kandokando ya ziwa kuliko tunavyodhani.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Baba yake Bomi na mama yake Jer walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarati, India, wafuasi wa dini ya kale ya Zarathustra. Baba alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu ya Zanzibar, akiwatumikia Waingereza. Mtoto alipokaribia umri wa miaka minane alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, na huko ndiko alikojifunza kinanda na kuunda bendi yake ya kwanza pamoja na wanafunzi wenzake. Alirejea Unguja akiwa kijana. Haukupita muda, yakaja Mapinduzi ya Januari 12, 1964, na katika mwaka huohuo familia yake ikahamia Feltham, pembezoni mwa London.

Sisi tunayaenzi Mapinduzi yale, wala hatuoni haya kusema hivyo. Lakini kuyaenzi hakutuzuii kukiri kwamba miongoni mwa walioondoka walikuwamo pia makarani na watoto wa makarani, watu ambao hawakumiliki mashamba ya mikarafuu wala majumba ya fahari. Kijana huyu alikuwa mmoja wao. Kisiwa kilichomzaa hakikumlea hadi utu uzima, na hilo ni sehemu ya historia yetu pia.

Huko Uingereza alisomea sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Mwaka 1970 aliungana na Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma. Mwaka uliofuata akaongezeka John Deacon. Ndiye aliyeipa bendi jina la Queen, na ndiye aliyejipa mwenyewe jina la Mercury. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1973. Zama hizo ulikuwa umeenea Uingereza mtindo wa roki ambao wanaume walipanda jukwaani wakiwa wamejipaka rangi usoni na kuvaa mavazi ya kumetameta, na Queen walianza njia yao ndani ya mtindo huo. Wimbo uliowapa jina kubwa, Bohemian Rhapsody wa mwaka 1975, una urefu wa karibu dakika sita, na ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Aliyesoma chuoni hushangaa kusikia katikati ya wimbo huo neno ambalo kila mtoto wa Kiislamu hufundishwa kulitamka kabla ya kutia mkono katika sahani. Hatudai kwamba alilichukua Unguja. Twasema tu kwamba masikio yaliyokulia Unguja hayawezi kuwa hayakulisikia.

Mtu haandikwi kwa sifa peke yake. Mwezi Oktoba 1984 bendi hii ilikwenda kupiga muziki Sun City, katika kijinchi cha Bophuthatswana kilichobuniwa na makaburu, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wote kuisusia Afrika Kusini. Wakati huo Tanzania ilikuwa mstari wa mbele, na wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa wakiishi na kusoma Mazimbu, Morogoro. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na majina yao yakaingizwa katika orodha ya waliovunja susio. Kwamba mtu aliyezaliwa katika ardhi ya Afrika alikubali kwenda kuburudisha pale ni kosa, na miaka iliyopita hailigeuzi kuwa jambo jingine. Miezi tisa baadaye, Julai 13, 1985, mtu huyohuyo alisimama katika uwanja wa Wembley, katika tamasha la kuchangia waliokuwa wakifa njaa nchini Ethiopia, na kwa dakika zipatazo ishirini akaushika uwanja mzima mkononi. Hatusemi kwamba tendo la pili lilifuta la kwanza. Yote mawili ni yake.

Sasa tuje kwenye kazi ya mwisho. Mwaka 1987 Mercury aligundulika kuwa na ugonjwa wa UKIMWI. Aliwaambia watu wachache wa karibu, na baadaye wenzake wa bendi, nao wakalitunza neno hilo vifuani mwao. Aliendelea kufanya kazi. Albamu ya Innuendo ilitoka Februari 1991, naye hakutaka kupumzika. Queen walikuwa na studio yao Montreux, kando ya ziwa lile, na huko ndiko alikorudi kila alipopata siku yenye nguvu kidogo. Aliwataka wenzake wampe maneno ya kuimba, yoyote yale, awaachie sauti yake, nao wamalizie atakapokuwa hayupo.

Mwezi Mei mwaka huo alirekodi wimbo uitwao Mother Love. Kusimama tu kulikuwa kazi. Alipofika karibu na beti la mwisho alisema amechoka, atarudi kulimalizia. Hakurudi. Novemba 23 lilitolewa tangazo la kuthibitisha ugonjwa wake, na jioni ya siku iliyofuata akafariki nyumbani kwake London, akiwa na umri wa miaka 45. Aliagwa kwa ibada ya dini ya wazazi wake.

Wenzake watatu waliikusanya kazi hiyo baada ya kifo chake. Nyimbo zilizokuwapo hazikutosha kujaza albamu, hivyo wakachukua pia baadhi ya nyimbo alizozitoa peke yake mwaka 1985, wakaiacha sauti yake na kuzipigia ala upya. Beti lile la Mother Love aliliimba Brian May. Albamu hiyo, Made in Heaven, ilitoka Novemba 6, 1995, ikashika nafasi ya kwanza Uingereza. Ni ya kumi na tano, na ndiyo ya mwisho kutengenezwa studio kwa sauti yake. Juu ya jalada lake imo ile sanamu tuliyoanza nayo, kazi ya mchongaji Irena Sedlecká.

Tunaposimulia habari hii hatuwezi kuyasahau ya kwetu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla Mercury hajafa, ugonjwa ulikwisha kuvamia vijiji na mialo pande zote za ziwa. Sisi tuliokuwa watoto wa shule ya msingi miaka hiyo tunakumbuka misiba ambayo sababu yake haikutajwa. Ilisemwa malaria, ilisemwa kifua, ilisemwa amelogwa. Katika nyumba nyingi alibaki bibi na wajukuu, na wajukuu hao wakakua bila kujua ni nini kilichowachukua wazazi wao. Yule wa London alikuwa na mali na madaktari, na huyu wa kwetu alikuwa na mtumbwi na nyavu, lakini walifanana katika jambo moja: wote walinyamaza.

Wapo walioamua vingine. Ng'ambo ya ziwa, nchini Uganda, mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza hadharani mwaka 1989 akatangaza kwamba ana ugonjwa huo, watu wakamcheka na kumwita mwongo. Alizunguka mashuleni na makanisani akisema na kuimba, hadi alipofariki Desemba 15 mwaka huo. Lutaaya alisema mapema, watu wakapata nafasi ya kumsikia akiwa hai. Mercury alisema siku moja kabla ya kufa.

Hatumhukumu. Kuna wakati huko Zanzibar, mwaka 2006, mpango wa kusherehekea miaka sitini ya kuzaliwa kwake ulizua upinzani mkali kwa sababu ya mwenendo wake. Walimu wetu wa chuoni walitufunza kwamba hesabu ya mja iko kwa Mola wake, na marehemu hana ulimi wa kujitetea. Isitoshe, kwa jina lake wenzake waliunda mfuko unaochangia mapambano dhidi ya UKIMWI, hivyo neno lililochelewa kinywani mwake limesemwa kwa njia nyingine baada yake. Lakini kutomhukumu si kutojifunza kwake.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni heshima ya kazi. Mtu aliyejua kwamba hataiona siku ya kuvuna aliendelea kupanda, akiwaamini wenzake kwamba watavuna kwa uaminifu; nao hawakumwangusha. La pili ni hasara ya kunyamaza. Mwaka 1991 hapakuwa na dawa za kumwokoa; matibabu ya dawa zilizochanganywa yalianza kuleta nafuu ya kweli mwaka 1996. Leo dawa za kufubaza virusi zipo, na nchini mwetu zimekuwa zikitolewa bila malipo tangu mpango wa taifa ulipoanza mwaka 2004. Anayejua hali yake mapema huishi, hufanya kazi, hulea wanawe.

Kwa hiyo tunawaambia wavuvi wa Ukerewe na Kome, wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, madereva, walimu na wanachama wenzetu: beti la mwisho la maisha yenu msiwaachie wengine waliimbe. Nendeni mkapime, na mkishajua, waambieni walio wenu mngali na sauti.