Dennis Ritchie, baba wa lugha ya C

Msikilizaji, simu nyingi tunazobeba zina kazi ya Mmarekani Dennis Ritchie ndani yake, ingawa wengi wetu hatulijui jina lake.

Ritchie alizaliwa mwaka 1941 katika jimbo la New York. Alisoma Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 1967 akaanza kazi Bell Labs. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alibuni C, lugha ya kuandikia programu.

C humpa mwandishi wa programu pointa, yaani anwani ya mahali data ilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Tuchukue mfano wa ukoo: kila mtu ana jina, pamoja na pointa zinazoonyesha waliko watoto wake, na watoto nao vivyo hivyo. Kompyuta ikizimwa, anwani hizo hazina maana tena. Anayehifadhi anwani tu hupoteza ukoo mzima, na C haitamwonya.

Basi programu hupita kwa kila mtu, humpa namba, kisha huandika kwenye faili jina lake na namba za watoto wake. Kompyuta nyingine ikisoma faili hilo, huujenga ukoo upya kwa anwani zake yenyewe.

Mwaka 1983 Ritchie na mwenzake Ken Thompson walipewa Tuzo ya Turing kwa mfumo wa Unix. Ritchie alifariki Oktoba 2011, akiwa na miaka 70. Linux, iliyo kiini cha simu za Android, bado inaandikwa zaidi kwa C.