Abul-Qasim Az-Zahrawi: Tabibu Aliyeuheshimu Mshipa wa Damu

 Katika toleo la mwaka huu tumeona tuwasimulieni habari za tabibu ambaye jina lake wengi wenu mmelisikia, ila habari zake hazijawafikieni vizuri. Naye ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi wa Andalus, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tunasema hazijawafikieni vizuri, na tuna sababu. Mara nyingi katika hafla zetu msemaji husimama akasema kwamba Az-Zahrawi ndiye aliyevumbua upasuaji wote, na kwamba kila chombo kilichomo katika chumba cha upasuaji hivi leo ni chake. Watu wakapiga takbira, wakaenda zao wamefurahi. Hicho ni kilemba cha ukoka, na mzee wetu huyu hana haja nacho. Yeye mwenyewe katika kitabu chake hakuficha kuwa amechukua mengi kwa waliomtangulia, akiwemo Jalinus wa Wayunani, na Paulo wa Aegina aliyeishi karne ya 7. Alilolifanya kwa mkono wake linatosha kumpa heshima, na ndilo tunalotaka kulieleza hapa.

Alizaliwa karibu na mwaka 325 Hijria, yaani 936 Miladia. Mwaka huo huo ndio khalifa Abdur-Rahman wa Tatu alipoanza kuujenga mji wa Madinat Az-Zahra nje kidogo ya Qurtuba, na kwa mji huo ndiyo akaitwa Az-Zahrawi. Nasaba yake ilirudi kwa Ansari wa Madina, ndiyo maana huitwa pia Al-Ansari. Qurtuba ya wakati ule ilikuwa katika miji mikubwa kabisa ya Ulaya, na khalifa Al-Hakam wa Pili, aliyemrithi baba yake mwaka 961, alikuwa mtu wa kukusanya vitabu kuliko kukusanya farasi. Katika mji huo Az-Zahrawi aliutumikia utabibu kwa muda wa kama miaka hamsini. Waandishi wa tarehe hawakutuachia mengi juu ya nyumba yake na watoto wake. Basi anayetaka kumjua hana budi amtafute ndani ya kitabu chake.

Kitabu hicho kinaitwa At-Tasrif, na alikimaliza karibu na mwaka 1000 Miladia. Kina makala thelathini. Nyingi katika hizo zinahusu dawa na namna ya kuzichanganya, na moja inahusu marashi na mapambo ya mwili. Makala ya mwisho, ya thelathini, ni ya kazi ya mkono: kuchoma kwa chuma cha moto, kupasua, na kuunga mifupa. Humo alichora vyombo vya kazi vipatavyo mia mbili, visu, kulabu, sindano, koleo, ili mwanafunzi ampelekee mhunzi mchoro akatengenezewe. Na anaposema na wanafunzi wake huwaita wanawe. Alilalamika kuwa kazi ya mkono katika nchi yake imekaribia kufa, na sababu aliitaja wazi: watu wanashika kisu kabla ya kujua umbo la mwili, mshipa upi unapita wapi, na mfupa gani umekaa juu ya nini.

Kisha akatoa mifano aliyoishuhudia. Mmoja ni wa mwanamke aliyekuwa na uvimbe wa tezi shingoni. Alikwenda kwa tabibu mjinga, naye akaupasua bila kujua kilicho chini yake. Kisu kikakata mishipa ya shingo, damu ikabubujika, na mwanamke yule akafa pale pale mikononi mwa aliyetaka kumtibu. Mfano mwengine ni wa mzee aliyekuwa na jiwe kubwa kibofuni. Az-Zahrawi aliitwa kwanza amtoe jiwe lile. Alipomwangalia, alipouona ukubwa wa jiwe na hali ya mzee mwenyewe, alijua akimpasua atamuua, akakataa. Mwengine akaitwa, akakubali, akalitoa jiwe pamoja na kipande cha kibofu. Mzee hakuzidi kiasi cha siku tatu.

Hapa tunataka msomaji atue kidogo. Tabibu aliyekataa hakupata ujira siku ile, na bila shaka wapo waliosema kuwa hawezi kazi. Akazigawa kazi za kisu mafungu mawili, ile ambayo mwisho wake aghalabu ni salama na ile ambayo hatari yake ni kubwa, akawausia wanafunzi wake wasiingizwe katika fungu la pili na tamaa ya mali. Usia huo umetangulia hata kabla ya mafunzo yenyewe kuanza.

Sasa tuje kwenye mshipa wa damu, maana ndipo ujuzi wake unapoonekana zaidi. Mwili una mishipa inayodunda, ambayo kwa Kiarabu huitwa sharayin na skuli mnaifundishwa kwa jina la ateri, na ile isiyodunda, auridah, ndiyo vena. Mshipa wa aina yoyote kati ya hizo ukiharibika unaweza kuvimba, na uvimbe ule ukawa umejaa damu. Aliyetazama kwa nje tu hudhani ni jipu au tezi. Az-Zahrawi aliiwekea maradhi haya mlango wake peke yake na akafundisha namna ya kuyatambua kwa vidole: uvimbe wa ateri huwa mrefu, umezama ndani, na ukiubonyeza vidole huhisi kama mvumo, ule wa vena huwa wa duara, umekaa juu juu ya mwili. Kwa hiyo kidole kinatangulia kisu. Yule tabibu wa mwanamke wa shingo lau angaliweka vidole vyake kwanza, akatulia kidogo!

Uvimbe wa ateri unaokubali kutibiwa, alifundisha, ngozi yake hupasuliwa kwa urefu na kuvutwa pande mbili kwa kulabu mpaka mshipa uonekane. Mshipa hutenganishwa taratibu na nyama zinazoushika, kisha hupitishwa chini yake sindano yenye uzi wa nguvu, ukafungwa mahali pawili, na katikati ya mafundo mawili ndipo pakatobolewa damu itoke. Baadaye hutiwa dawa mpaka nyuzi zianguke zenyewe. Ama uvimbe wa aina hii ulioko kwapani, kwenye kinena au shingoni, na ule ulio mkubwa sana, alikataza usiguswe kwa kisu. Mtu aliyekuwa na ujuzi huo wote wa kufunga mshipa, bado aliacha sehemu za mwili akasema hapa mkono wangu haufiki.

Na damu ikishamwagika? Aliwataka wanafunzi wake waharakishe kuweka kidole juu ya tundu la mshipa na kukaza, huku vyuma vikitiwa motoni. Njia za kuizuia damu ya ateri kwake ni nne: kuchoma kwa moto, kuukata mshipa wote kabisa ikiwa umekatika nusu, kwa sababu ncha zake hapo hujivuta na kujifunga, kuufunga kwa uzi, au kuweka dawa za kukausha damu na kukaza kwa bendeji. Watu wa Ulaya husifu kufunga mshipa kwa uzi kuwa ni kazi ya Mfaransa Ambroise Paré wa karne ya 16. Az-Zahrawi aliliandika jambo hilo zaidi ya miaka mia tano kabla yake, na Jalinus naye alikwishalijua kabla yao wote wawili. Huo ndio ukweli wenyewe.

Kisa kimoja katika kitabu kinaonyesha jinsi alivyokuwa akitumia macho. Aliitwa kwa kijakazi aliyejikata koo kwa kisu. Alimkuta anakoroma kama mnyama aliyechinjwa, na pumzi inatoka kwenye jeraha. Akaangalia damu, akaona ni kidogo, akafahamu kuwa njia ya pumzi ndiyo iliyokatwa na mishipa mikubwa imesalimika. Akalishona jeraha na kulitibu, na baada ya siku kijakazi akapona. Lililobaki ni sauti ya kukwaruza tu. Kutokana na hapo akapata hoja kuwa kuifungua njia ya pumzi kwa mtu anayekabwa na maradhi ya koo si lazima kumuue. Madaktari wa leo huifungua kila siku.

Alitengeneza pia viungo vilivyoharibika sura. Alieleza namna ya kuzirekebisha kope za macho zilizogeuka, na namna ya kuondoa mafuta katika matiti ya mwanamume yaliyokua kama ya mwanamke, kwa kupasua mfano wa hilali mbili na kisha kushona. Meno yaliyolegea aliyafunga kwa uzi wa dhahabu, na badala ya lililong'oka alielekeza lichongwe jengine kwa mfupa wa ng'ombe. Mambo haya wengine huyaona madogo, lakini anayeona haya kuvua kanzu mbele ya wenziwe hayaoni madogo.

Sasa tuseme na lile asiloliweza, tusije tukarudi kwenye kilemba cha ukoka. Az-Zahrawi aliweza kuufunga mshipa. Kuuunga upya, damu ikapita tena, hakuweza, wala hakuweza mtu wa zama zake. Ilichukua karibu miaka mia tisa. Mwaka 1902 Alexis Carrel, daktari wa Lyon nchini Ufaransa, alieleza jinsi ya kushona ncha mbili za mshipa kwa sindano nyembamba za mataruma na nyuzi za hariri, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1912. Mwaka 1960 Julius Jacobson na Ernesto Suarez huko Marekani waliunga mishipa ya upana wa milimita chache wakitazama kwa hadubini. Mwaka 1965 huko Nara, Japani, Komatsu na Tamai walikirudisha kidole gumba kilichokatika kabisa, kikaishi. Leo daktari hutoa ngozi na nyama ya paja pamoja na mshipa wake, akaiweka usoni kwa mtu aliyeungua au aliyetolewa saratani, na kuiunga na mishipa ya shingo kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Na wapo watoto wanaozaliwa na mishipa iliyosokotana vibaya, shavuni, mdomoni au mkononi, uvimbe ukawa unakua nao. Kwetu watu hupeleka mtoto wa namna hiyo kuchanjwa au kupasuliwa majumbani, na hilo ni jambo la kutisha, kwa sababu ukiwa ni uvimbe wa ateri damu yake huweza isizuilike. Madaktari wa leo hupima kwanza aina ya mshipa, ni ule unaodunda au usiodunda. Ule usiodunda mara nyingi huutia sindano ya dawa inayousinyaza. Unaodunda huuziba kwa ndani kwa kupitisha mrija mwembamba mpaka ulipo, na hapo tena, ikibidi, ndipo kisu kifuate. Swali la kwanza bado ni lile lile aliloliuliza tabibu wa Qurtuba kwa vidole vyake.

Mwisho wa umri wake haukuwa wa raha kwa nchi yake. Fitina ilizuka Andalus mwaka 1009, na Madinat Az-Zahra, mji aliolingana nao umri, ukaporwa na kuharibiwa. Yeye akafariki karibu na mwaka 404 Hijria, sawa na 1013. Ibn Hazm, mwanachuoni mkubwa aliyekuwa kijana Qurtuba siku hizo, alikitaja kitabu chake kwa sifa alipohesabu fadhila za Andalus. Karne ya 12 Gerard wa Cremona alikitafsiri sehemu ya upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo, ikachapwa Venice mwaka 1497, na mwaka 1778 ikatoka Oxford kwa Kiarabu na Kilatini pamoja. Mji wake ulilala chini ya udongo mpaka ulipoanza kufukuliwa mwaka 1911. Sehemu kubwa yake haijafukuliwa hata sasa.