Msee Aliyeandika Matilda Alisomea Urubani Nairobi: Walikuwa 16, Vita Ikabakisha 3

Kama umewahi kuwatch Matilda ama ile stori ya Charlie na kiwanda cha chokoleti, basi Roald Dahl unamjua. Chenye pengine hujui ni kwamba huyu jamaa alijifunzia kurusha ndege hapa hapa Kenya.

Dahl alizaliwa Wales mwaka 1916, wazazi wake wakiwa watu wa Norway. Mwaka 1938 kampuni ya mafuta ya Shell ilimtuma Dar es Salaam, akajifunza Kiswahili. Vita ilipoanza Septemba 1939, alipewa kikosi cha askari wa KAR washike Wajerumani waliokuwa wakiishi Dar. Ukiwa mtu wa Kedowa, Londiani ama Bomet, uliza wazee: KAR ilibeba vijana wengi sana kutoka huku kwetu.

Miezi miwili baadaye aliingia gari, akapiga safari ya karibu kilomita 1,000 mpaka Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Walikuwa 16 kwa darasa. Walipewa Tiger Moth, ndege ya mabomba ya chuma, mbao na kitambaa, isiyo na paa, spidi yake ya mwisho kama kilomita 175 kwa saa. Kuna mathree za Kericho hapo kwa mteremko zinaitafuta hiyo spidi! Sasa fikiria Dahl, mrefu karibu mita mbili, kichwa chote kiko nje kwa upepo juu ya Bonde la Ufa. Masaa saba na dakika arobaini tu za mafunzo, akaachiwa ndege peke yake.

Halafu mambo ikachacha. Tarehe 19 Septemba 1940 alikuwa anapeleka Gladiator kwa kikosi chake kwa jangwa la Misri. Alielekezwa vibaya, giza likaingia, mafuta yakaisha. Akajaribu kutua, akagonga mawe. Fuvu lilipasuka, pua ikapondeka, akatambaa kutoka kwa moto. Alikaa wiki kadhaa haoni kitu.

Alipopona, April 1941 alirudi hewani na Hurricane kule Ugiriki, ndege chache za Waingereza zikikabiliana na za Wajerumani kibao. Maumivu ya kichwa yakamrudisha nyumbani. Mwaka 1942, akiwa Washington, ndio akaanza kuandika, na stori yake ya kwanza ilikuwa ya hiyo ajali.

Hakuwa malaika. Maneno aliyosema kuhusu Wayahudi yalikuwa mabaya, na familia yake iliomba msamaha mwaka 2020. Yeye alikufa 1990.

Ukiwa na binamu London, mwambie aende makumbusho ya jeshi la anga pale Hendon, kuingia ni bure. Tiger Moth iko, Hurricane iko. Na kule Old Warden, Gladiator moja bado hupaa. Makumbusho mengine huweka mfano wa plastiki hapo langoni, lakini hizi ni original, zimetunzwa kama yai.

Sasa jiulize: kati ya wale 16 wa Nairobi, 13 hawakuona mwisho wa vita. Mbao na kitambaa vimeishi kuliko wao. Mmoja alibaki akaandika Matilda. Hao 13 wangeandika nini?