Rebmann aliona theluji Kilimanjaro, London ikambishia

Wakazi wa Moshi huutazama weupe wa Kibo kila alfajiri bila kushangaa. Weupe huohuo ndio uliomtia Johannes Rebmann matatani.

Mmisionari huyo, aliyezaliwa mwaka 1820 Gerlingen, katika Ujerumani ya leo, alifanya kazi Rabai, karibu na Mombasa, pamoja na Johann Ludwig Krapf. Mei 11, 1848, akisafiri kwa miguu kuelekea Uchagga, aliona kileleni kitu cheupe akadhani ni wingu. Mmoja wa wenyeji waliomwongoza alikiita baridi tu. Rebmann akatambua kuwa ni theluji.

Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1849. Mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, aliikana katakata. Kwake, theluji karibu na Ikweta ilikuwa muhali. Rebmann aliiona akilini, si kwa macho. Kwa lugha nyepesi, ni mazigazi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kila mita 1,000, na Kibo, chenye mita 5,895, kimeupita mji wa Moshi kwa takriban mita 5,000. Moshi ikiwa na nyuzi 25, kileleni maji huganda.

Baron Karl Klaus von der Decken aliupanda mlima mwaka 1861 na 1862, akathibitisha theluji ipo. Mwaka 1864 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikamtunuku medali.

Rebmann alibaki Rabai hadi 1875, aliporejea kwao akiwa karibu kipofu. Alifariki Korntal mwaka uliofuata.