Wangari Maathai: Aliyedhihakiwa bungeni, kisha akaketi bungeni

KAMPALA – Mwaka 1959, binti wa miaka 19 kutoka kijiji cha Ihithe, Nyeri, nchini Kenya, alihitimu masomo ya sekondari katika shule ya Loreto, Limuru, akiwa na matumaini ya kuja Kampala kujiunga na Makerere. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya wanafunzi bora wa Afrika Mashariki enzi hizo. Lakini mpango uliosimamiwa na wanasiasa kama Tom Mboya, wa kuwapeleka vijana kusoma Marekani, ulimchukua mbali zaidi. Mwaka 1960 akajikuta Kansas badala ya kilima cha Makerere.

Kampala haikumpata Wangari Maathai kama mwanafunzi. Hata hivyo, swali alilolipigania maisha yake yote, yaani nani mwenye haki ya kuugawa msitu wa umma, lilikuja kuutikisa mji huu.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940. Karibu na nyumbani kwao palisimama mugumo, mti wa jamii moja na mutuba ambao Waganda hutengenezea nguo za magome. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mti huo kwa kuwa ulikuwa mtakatifu. Kando yake palibubujika kijito. Miaka mingi baadaye mti ulikatwa, na kijito nacho kikakauka.

Alirejea nyumbani na shahada mbili za biolojia, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu mjini Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia daraja hilo. Alipokuwa akikusanya kupe vijijini kwa utafiti wa maradhi ya ng'ombe, aliona mito iliyojaa udongo na mifugo iliyokonda. Akatambua kwamba tatizo lilikuwa kubwa kuliko kupe: ardhi ilikuwa imevuliwa miti yake.

Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ukawa mwanzo wa Green Belt Movement. Wanawake wa vijijini walijifunza kuotesha miche, wakalipwa kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche ulioshika. Kwa miaka mingi vuguvugu hilo lilipanda mamilioni ya miti.

Mapambano na wenye madaraka

Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi. Wangari aliandika barua kupinga. Bunge halikujadili hoja zake. Wabunge walimjadili yeye, wakamkejeli kwa kuwa aliwahi kupewa talaka. Vuguvugu lake likafukuzwa katika ofisi za serikali, naye akaihamishia kazi nyumbani kwake. Lakini wafadhili wa jumba hilo walijitoa, na bustani ikabaki.

Miaka kumi baadaye vita vilihamia msitu wa Karura, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa wajenzi binafsi. Mwezi Januari 1999 alishambuliwa huko alipokwenda kupanda miti. Alifika kituo cha polisi akivuja damu kichwani, na kwa damu hiyo akatia saini taarifa yake. Agosti mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi alitangaza kusitisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Desemba 2002 wananchi wa Tetu walimpeleka katika Bunge lilelile lililomcheka. Aliteuliwa waziri msaidizi wa mazingira na maliasili kuanzia 2003 hadi 2005. Mwaka huo wa 2005 Kenya ilipata Sheria mpya ya Misitu, iliyozipa jamii nafasi ya kushiriki katika usimamizi. Mwaka 2004 alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika. Sifa za dunia hazikumlinda kisiasa: mwaka 2007 alikipoteza kiti chake.

Mabira na funzo lake

Mwaka huohuo wa 2007, Uganda ilikabiliana na swali lake. Serikali ilipendekeza kutoa hekta 7,100, takriban robo ya msitu wa Mabira, kwa kilimo cha miwa. Mabira, ulio kando ya barabara ya Kampala kwenda Jinja, ni makazi ya zaidi ya aina 300 za ndege. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema serikali inashikilia misitu ya hifadhi, mbuga na ardhi oevu kama amana kwa niaba ya wananchi. Aprili 12 maandamano yalizuka jijini. Watu waliuawa, akiwemo mtu wa asili ya Kihindi aliyeshambuliwa na umati. Msitu ulinusurika, lakini kwa doa ambalo njia ya Wangari, ya mche na barua, isingeliacha.

Agosti 2011 pendekezo hilo lilifufuliwa Kampala kufuatia kupanda kwa bei ya sukari. Tarehe 25 Septemba, mjadala ukiwa bado haujapoa, Wangari alifariki dunia Nairobi kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 71.

Aliacha wosia kwamba asikatiwe mti kwa ajili ya jeneza. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, magugu maji na mafunjo, yaleyale yanayoota katika mabwawa yanayoizunguka Kampala, ambayo leo yanafukiwa udongo kila siku ili kujengwa nyumba. Sheria za kuyalinda zipo. Maisha ya Wangari yanaonyesha kwamba sheria huamka pale tu wananchi wanapoiamsha, na kwamba mbunge anayecheka leo anaweza kesho kumpisha kitini aliyemcheka.