RAOULT, MWALIMU ALIYEPIMA KISICHOONEKANA

Muhula uliopita nilitumwa nyumbani karo, nikakaa huko siku tisa nikichuma majani chai na mama. Niliporudi, wenzangu walikuwa wameshafanya jaribio la kuganda kwa maji, nami sikuelewa hata mstari mmoja wa hesabu yake. Mwalimu wetu wa kemia akanipa kitabu nisome habari za mtu aliyeianzisha njia hiyo. Huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Jina lake ni François-Marie Raoult. Alizaliwa tarehe 10 Mei 1830 katika kijiji cha Fournes, kaskazini mwa Ufaransa. Alikwenda Paris kusoma, lakini pesa zikamwishia, ikabidi aache. Hapo ndipo nilipokaza macho! Alitafuta kazi katika shule za sekondari za mikoani, kwanza Reims mwaka wa 1853, kisha miji mingine hadi Sens. Alifundisha huku akifanya utafiti, na mwaka wa 1863 akapata udaktari wa Paris. Mwaka wa 1867 akaenda Grenoble, mji ulio chini ya milima ya Alps kama sisi wa Meru na Embu tulivyo chini ya Mlima Kenya. Mwaka wa 1870 akawa profesa wa kemia, na hakuhama tena.

Siku hizo wanakemia walikuwa na taabu. Molekuli haionekani wala haiwekwi kwenye mizani. Sasa uzani wake utaujuaje? Njia waliyokuwa nayo ilitaka kitu kigeuzwe mvuke, lakini sukari ukiipasha moto sana inaungua tu. Raoult akashika kipimajoto. Maji safi huganda kwenye nyuzi 0. Ukitia sukari, yanakataa kuganda mpaka baridi izidi. Kuanzia mwaka wa 1878 alichapisha vipimo vyake, akaonyesha kwamba kinachoshusha nyuzi ni wingi wa molekuli, si aina yake. Basi ukijua uzani uliotia na nyuzi zilizoshuka, unapata uzani wa molekuli. Chumvi ilishusha karibu mara mbili ya sukari. Arrhenius wa Sweden akaeleza sababu: chumvi hugawanyika vipande viwili majini.

Jumamosi moja mwalimu alinifungulia maabara. Tuliponda barafu, tukaichanganya na chumvi ndani ya sufuria, tukatumbukiza humo neli yenye maji ya sukari. Tulikuwa tumetia gramu 34 katika gramu 100 za maji, yaani gramu 340 kwa kilo. Yalianza kuganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Nikapiga hesabu: 1.86 mara 340, gawanya kwa 2. Nikapata 316. Jibu la kitabuni ni 342. Kipimajoto chetu husoma nyuzi nzima tu, lakini jamani, nilifurahi! Nilikuwa nimepima kitu nisichokiona.

Raoult alipewa Nishani ya Davy huko London mwaka wa 1892. Alifariki Grenoble tarehe 1 Aprili 1901, akiwa na miaka 70.

Wewe uliye nyumbani kwa sababu ya karo, usitupe vitabu. Raoult naye aliishiwa pesa, akaendelea kupima. Mvumilivu hula mbivu.