Roosevelt: Amiri Jeshi Mkuu Aliyeshindwa na Shinikizo la Damu

Leo twawaletea ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi habari za maisha ya Franklin Delano Roosevelt, Rais wa 32 wa Marekani na Amiri Jeshi Mkuu wa nchi hiyo katika Vita Kuu ya Pili. Wengi wamjua kwa vita. Sisi twapenda kumtazama kwa upande wa moyo wake, kwa kuwa kifo chake kina mafunzo kwa kila avaaye sare.

Roosevelt alizaliwa tarehe 30 Januari 1882 huko Hyde Park, katika Jimbo la New York, katika ukoo wenye mali. Alisomea sheria, akaingia katika siasa, na tangu mwaka 1913 hadi 1920 alikuwa msaidizi wa Waziri wa Jeshi la Wanamaji. Mwaka 1921 alishikwa na maradhi yaliyompooza miguu yote miwili. Hakukata tamaa. Mwaka 1929 alishika ugavana wa New York, na mwaka 1933 akaapishwa kuwa Rais. Ndiye Rais pekee wa nchi hiyo aliyepata kuchaguliwa mara nne.

Huku akipambana na adui wa nje, adui mwingine alikuwa akijijenga ndani ya mwili wake. Mwaka 1935 shinikizo lake la damu lilikuwa 136 kwa 78. Mwaka 1937 lilifika 162 kwa 98, na mwaka 1941 likawa 188 kwa 105. Siku hizi daktari akipima na kukuta 140 kwa 90 mara kwa mara husema kwamba mtu huyo ana presha. Lakini zama zile waganga wengi waliamini kwamba kupanda kwa shinikizo ni jambo la kawaida kwa mtu anayezeeka, wala dawa za kulishusha ipasavyo hazikuwapo. Juu ya hayo, Rais alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, mwenye kazi nyingi na usingizi haba.

Daktari wake wa Ikulu, Admirali Ross McIntire, alikuwa bingwa wa maradhi ya masikio, pua na koo. Mwishoni mwa Machi 1944, Rais akiwa amedhoofika na kukosa pumzi, alipelekwa katika hospitali ya wanamaji ya Bethesda. Huko alipimwa na ofisa kijana, Luteni Kamanda Howard Bruenn, bingwa wa moyo. Bruenn alikuta shinikizo la 186 kwa 108, moyo uliopanuka, na dalili za moyo kushindwa kazi. Ingawa cheo chake kilikuwa cha chini, aliwaeleza wakubwa wake ukweli wote, akashikilia kwamba mgonjwa apewe dawa ya dijitalisi, apunguziwe chumvi na sigara, na apumzike.

Rais alitii, lakini jambo la kustaajabisha ni kwamba hakupata kumwuliza Bruenn kwa nini anapimwa kila mara, wala dawa anazomeza ni za nini. Wananchi nao waliambiwa kwamba afya yake ni njema. Novemba 1944 alichaguliwa tena, na Februari 1945 alisafiri hadi Yalta kukutana na Churchill na Stalin. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa Warm Springs katika Jimbo la Georgia, alilalamika kwamba kichwa chamwuma, akazimia. Shinikizo lilikuwa limepita 300 kwa 190, na mshipa ulikuwa umepasuka ubongoni. Alifariki alasiri hiyo, mwenye umri wa miaka 63, kabla vita havijakwisha.

Miaka mitatu baadaye, Juni 1948, Rais Truman aliyemrithi alitia sahihi sheria ya kugharimia utafiti wa maradhi ya moyo. Katika mji wa Framingham, Jimbo la Massachusetts, waliandikishwa wanaume na wanawake 5,209, wakawa wakipimwa kila baada ya miaka miwili. Kutokana nao waganga walithibitisha kwamba shinikizo la juu, lehemu nyingi katika damu, sigara na kisukari humsogeza mtu karibu na ugonjwa wa moyo miaka mingi kabla hajahisi maumivu. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya kujumlisha mambo hayo pamoja na umri na jinsia, ili kukadiria hatari ya mgonjwa kwa miaka kumi ijayo. Shirika la Afya Duniani nalo limetoa majedwali kwa kila sehemu ya dunia, na mahali pasipo na maabara hutumika uzito na urefu wa mtu badala ya kipimo cha lehemu.

Basi, ndugu askari, nguvu za kupiga gwaride si ushahidi kwamba moyo ni mzima. Tukifika kwa daktari wa kikosi, tusiishie kunyoosha mkono upimwe. Tuulize tarakimu zetu na maana yake, tuziandike, na tumweleze kweli kuhusu sigara na maradhi ya wazazi wetu. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Roosevelt ulionekana mwaka 1937, na wakati huo hapakuwa na wa kuuziba. Sisi twaweza kuuziba wetu.